Sultani Aliyepatana na Jini Kutoka Thumni Hadi Thuluthi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wa mlangoni aingie ndani, wa nyuma aje mbele, na wewe unayetafuna muwa, ama umalize ama uuweke chini, maana hekaya yangu haipendi kushindana na meno. Nyamazeni hata kuku wa jirani adhani nyumba hii imehamwa. Haya, sasa nasikia pumzi zenu tu, na hizo zinatosha.

Katika zama zilizopita, katika mji wa Andaruni, mji wa kuta nyeupe za chokaa na kuba za kijani na mabustani ya mikomamanga, alitawala Sultani Zahrani bin Kaisi, na sultani huyo alikuwa na majeshi na farasi na ghala za zafarani, lakini kitu alichojivunia kuliko vyote hivyo kilikuwa ulimi wake wa kupatana bei. Alikuwa akivaa kanzu ya watu wa kawaida na kuingia sokoni, na mwenye nazi akitaja bei, Sultani hucheka, na akicheka bei hushuka, na akigeuza mgongo hushuka tena, na akifika mwisho wa soko huitwa arudi na kuongezewa ndimu za bure. Na akirudi nyumbani, hizo ndimu huwaonyesha watu kama mtu aliyeteka ngome.

Sultani huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, Binti Yakuti, msichana wa macho makubwa yenye kuuliza. Mwalimu wake alimkimbia mara mbili kwa sababu ya neno "mbona". Mbona mwezi unapungua, mbona chungwa lina vyumba, mbona kivuli cha asubuhi ni kirefu. Alikuwa ameposwa na Hilali, mwana wa Kadhi, kijana mpole aliyependa kuulizwa, na jambo hilo, wajukuu zangu, ni adimu kwa wanaume.

Basi kabla ya harusi Binti Yakuti akashikwa na homa, homa ya kumtetemesha jua likiwa utosini, na matabibu wakaja na mafusho na makombe ya kunywa na wakaondoka wameinamisha vichwa. Sultani akaona mtoto anampotea hivi hivi. Akafungua sanduku la babu yake na akatoa pete ya shaba iliyokuwa na mhuri wa majini, na akaisugua, na moshi ukajaa sebule, na katika moshi akasimama jini mrefu mwenye ndevu za buluu na pembe moja iliyopinda.

"Labeka, maulana! Mimi ni Tarkushi, mtumwa wa pete. Amri yako."

"Niponyee binti yangu."

"Kwa idhini ya Mola nitamponya. Lakini pete hii haina kazi ya bure, maulana, ndivyo ilivyofungwa. Mimi nakaa peke yangu nyuma ya Mlima Kafu, sina wa kuzungumza naye ila mwangwi, na mwangwi nao umenichoka. Nipe thumni ya mwaka wa binti yako, kila mwaka. Aje kwangu kama mgeni, ale anywe, na muda ukiisha nimrudishe kwa heshima."

Sultani alijua kwamba thumni ni neno la nane. Na nane aliiona nyingi.

"Thumni!" akasema, na akacheka kile kicheko chake cha sokoni. "Nane nzima, ewe Tarkushi? Humwogopi Mungu? Tuseme sudusi, ya sita."

Jini akakuna pembe. "Maulana, unanibana. Haya, sudusi."

"Humusi, ya tano."

"Ya tano? Nitakula nini mimi?"

"Robo," akasema Sultani, na akageuza mgongo na kuanza kwenda zake.

"Rudi, maulana, rudi! Robo, basi."

"Thuluthi, na hilo ndilo neno langu la mwisho. Tatu, haizidi."

"Umeniua!" akalia jini. "Umenichuna ngozi! Haya, thuluthi."

Na pete ikalia kengele, kuonyesha kwamba mkataba umefungwa. Waziri Makame, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akapiga makofi. "Maulana, umemtoa kwenye nane ukamfikisha kwenye tatu! Ungevuta kidogo angefika kwenye nusu."

"Nilimwonea huruma," akasema Sultani, na akajifuta jasho la ushindi.

Msimcheke bado. Jini naye hakucheka, maana majini wanajua kuhesabu nyota na mchanga na majani ya msitu, lakini kila wanachohesabu ni kizima. Kukata hawajui. Tarkushi alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa waja, akayapenda, na akaamini kama alivyoamini Sultani kwamba thuluthi ni siku tatu.

Binti Yakuti akapona, akanawiri, na harusi ikapangwa upya. Miezi ikapita kwa furaha. Na siku ambayo masufuria ya pilau yalikuwa yanasuguliwa kwa majivu, moshi ukaingia uani na Tarkushi akasimama ameinama kwa adabu. "Binti Sultani, mwaka wa mkataba unakaribia kutimia, na zile siku zangu tatu sijazichukua."

Hilali akamtazama mchumba wake. "Siku tatu tu?"

"Siku tatu. Waambie wapishi wasifunike masufuria," akasema Binti Yakuti, na moshi ukamchukua.

Jumba la Tarkushi nyuma ya Mlima Kafu lilikuwa ajabu ya maajabu. Sakafu zilikuwa za lulu, maji yalipanda ngazi badala ya kushuka, na ndege wa dhahabu waliimba bila kufumbua midomo. Lakini Binti Yakuti, kwa macho yake yale, aligundua jambo lingine. Kila kitu humo kilikuwa kizima. Makomamanga mazima, mikate mizima, vitambaa visivyowahi kuguswa na mkasi, wala kisu hakikuwepo. Jini alikula chungwa na ganda lake na mkate alimeza wote mara moja kama mtu anayemeza dawa.

Siku ya tatu ikatimia. Wakaenda mlangoni, jini akanena maneno ya kufungua, na mlango haukutikisika. Jini akasukuma kwa bega. Akasukuma kwa pembe. Mlango ukabaki palepale.

"Unanidanganya," akasema Binti Yakuti, na machozi yakamlenga.

"Wallahi sikudanganyi! Nataka kukurudisha. Ni pete inayokataa, kwa sababu pete inajua maana ya neno hata sisi tusipoijua."

Juu ya mlango kulikuwa na kandili kumi na mbili zilizozunguka kama taji, kandili moja kwa kila mwezi wa mwaka. Nane zilikuwa zimezimika. Nne zilikuwa zinawaka, nyekundu. Binti Yakuti akazitazama mpaka machozi yakakauka, maana kwake yeye kilio hakikuweza kukaa sehemu moja na swali.

"Mbona nne?" akasema. "Ninyi mlipatana thuluthi. Mbona haziwaki tatu?"

"Hilo nami nataka kujua," akasema jini, na akakaa chini kama mwanafunzi.

Wakakusanya kokwa kumi na mbili za tende, kokwa kwa kila kandili, na Binti Yakuti akazipanga sakafuni hivi na vile. Akazipanga mbilimbili, akazivuruga. Akazipanga katika safu tatu zilizolingana, na kila safu ikawa na kokwa nne. Akagusa safu moja kwa kidole, akazitazama kandili zinazowaka, akagusa tena.

"Tarkushi, thuluthi haikuwa siku tatu, wala miezi mitatu. Ni mwaka wote kugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, na fungu moja ndilo langu hapa. Miezi minne."

Jini akashika ndevu. "Miezi minne! Basi kumbe bahati, binti. Fikiria baba yako angeniachia ile thumni niliyoitaka mwanzo. Nane ungeimaliza lini?"

Binti Yakuti naye akakubali kwa kichwa, kisha akaacha kukubali. Lilikuwapo jambo lililokuwa linamkuna.

"Niletee mikate miwili ya kumimina," akasema, "yote ya masinia ya ukubwa mmoja, pasiwe na mkubwa wala mdogo."

Ikaja mikate miwili ya duara, imeumuka, ya rangi ya maziwa, inanukia iliki. Binti Yakuti akachomoa uzi mrefu katika ukaya wake wa kichwani, akaukaza kwa mikono miwili, na akaupitisha katikati ya mkate wa kwanza.

Tarkushi akapiga ukelele ndege wa dhahabu wakaanguka. "Umeuua!"

"Sijauua. Ni uleule, umekaa kwa vipande. Tazama." Akavisukuma vipande viwili vikaungana, na mkate ukawa mzima. Akaviachanisha tena. Jini akacheka kama mtoto mchanga, akasema naye ajaribu, na akakata mkate wake vipande vitatu, kimoja kikubwa kama mto wa kulalia na viwili vidogo kama masikio ya paka.

"Thuluthi tatu!" akasema kwa fahari, na akanyoosha mkono achukue kile kikubwa.

"Weka. Hivyo ni vipande vitatu tu. Havijawa thuluthi mpaka viwe sawa. Weka kimoja juu ya mwenzake uone kama kinamzidi."

Wakaharibu mikate mingi siku hiyo, na jini akala makosa yote. Mwishowe wakapata mkate uliokatwa mafungu matatu ya haki, na mwingine uliokatwa nusu, na kila nusu ikakatwa katikati, na kila kipande kikakatwa katikati tena. Mafungu manane. Binti Yakuti akachukua fungu moja la manane na akaliweka juu ya fungu moja la matatu.

Lile la juu likakaa katikati kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

Wote wawili wakalitazama. Jini akanyanyua kile kipande, akatazama chini yake, akakirudisha.

"Lakini nane ni nyingi kuliko tatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Nane ni nyingi. Ndiyo maana kila mmoja anapata kidogo. Mkate ni mmoja, Tarkushi, haukuongezeka. Waongeze walaji, vipande vinakuwa vidogo."

"Kwa hiyo mimi niliomba hiki kidogo…"

"Na baba akakushusha mpaka hiki kikubwa."

"Na nikalia kwamba ananionea!" Jini akajipiga kipaji cha uso kwa kiganja. "Tulipokuwa tunashuka, kumbe tulikuwa tunapanda." Kisha furaha ikamtoka usoni. "Binti Sultani, kuna jambo sijakwambia. Mkataba wa pete hurudiwa mara moja tu, siku mwaka unapotimia, na siku hiyo ndiyo siku nitakayokurudisha. Mwenye pete atataja fungu jipya, na akishavuta pumzi baada ya kulitaja limefungwa, halibadiliki mpaka kufa. Baba yako atakuwa na hasira kwamba hukurudi siku ya tatu. Atataka kushuka tena."

"Kutoka thuluthi," akasema Binti Yakuti, na akaukumbuka mkate wa kwanza aliouona ukilala pande mbili. "Atashuka kwenye nusu."

Kandili zikazimika moja baada ya moja, na ya mwisho ilipozimika mlango ukafunguka wenyewe.

Barazani Andaruni watu walijaa hata juu ya kuta. Hilali alikuwa amekonda. Sultani Zahrani alikuwa amesimama, pete kidoleni, joho la hukumu mabegani, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani kwa ghadhabu.

"Tapeli wee!" akanguruma moshi ulipotulia. "Siku tatu umezifanya miezi minne! Leo nitakushusha mpaka utambae. Sitaki thuluthi. Nataka…"

"Mwambie, maulana!" akasema Waziri Makame. "Mteremshe kwenye nu…"

Binti Yakuti akapita mbele kama mshale na akamtia baba yake tende mdomoni, na nyingine akamtia Waziri. Baraza lote likashika vinywa.

"Baba, niwie radhi, nakubusu mkono. Lakini mgeni amefika barazani kwako na bado hajapewa chakula. Tangu lini Andaruni tunapatana na mgeni kabla hajala?"

Hapo alimpata. Kwa sababu watu wa Andaruni, hata adui akija na upanga, walimwekea kwanza sahani. Sultani akatafuna tende kwa uchungu, akaketi.

Tarkushi akatoa masinia mawili na mikate miwili katika moshi. Binti Yakuti akayageuza yakiwa matupu na akayabandika mdomo kwa mdomo ili baraza lione kwamba yanalingana, kisha akaweka katika kila moja mkate uliolijaza. Mmoja akaukata mafungu matatu, mwingine manane, kila fungu sawa na mwenzake, na kila mara aliuinua uzi juu watu wote wauone.

"Baba yangu una njaa. Nikupe fungu moja kutoka sinia hili la tatu, au fungu moja kutoka lile la nane?"

"Mwanangu, hilo la kuuliza?" Sultani akatabasamu kwa mara ya kwanza. "La nane. Sultani hapunjiki."

Akapewa fungu moja la nane, na Tarkushi akapewa fungu moja la tatu, nalo likaning'inia pande zote mbili za sahani yake. Sultani akatazama sahani yake. Akatazama ya jini.

"Yakuti, mbona umeninyima?"

"Sijakunyima, baba. Umechagua mwenyewe."

"Lakini nane…" akasema Sultani, na hapo akakoma.

Sultani akainuka, akachukua kipande chake, akakiweka juu ya kipande cha jini, na akakizungusha, huenda kwa upande mwingine kikafunika. Hakikufunika. Akaacha kukizungusha, maana mtu aliyezoea soko huelewa upesi akielewa.

"Yeye aliomba hiki," akasema. "Na mimi nikampa hiki. Nikampa na kicheko juu yake."

"Hata mimi sikujua, maulana," akasema Tarkushi, mdomo umejaa. "Nililia kweli."

"Huenda sinia la nane likiwa kubwa zaidi…" akaanza Waziri Makame.

"Hapo umesema kweli, mzee wangu," akasema Binti Yakuti, na Waziri akashangaa, maana hakuzoea. "Sinia likiwa kubwa, hata fungu la nane linaweza kumshibisha mtu. Ndiyo maana niliyabandika yakiwa matupu. Lakini mwaka wangu mimi ni huu mmoja."

Sultani akamkumbatia bintiye na machozi yakamshuka mbele ya watu. "Basi nitamrudishia thumni yake ya mwanzo, na nisingelifumbua domo langu ningeliipata bila jasho."

"Maulana," akasema jini, na akakohoa kidogo kwa haya, "kuna ndogo zaidi. Ukikata kumi na mbili ni ndogo kuliko nane. Ukikata mia ni chembe. Ukiendelea kukata hapafiki mwisho, nimejaribu mchana kutwa. Unaweza kunipa chembe." Akatazama chini. "Mimi ni mkweli, ndiyo kasoro yangu."

Binti Yakuti akamtazama jini aliyemponya, aliyebaki na mwangwi peke yake, na akamtazama Hilali, na Hilali akamwinulia kichwa kama anayesema, uliza unachotaka kuuliza.

"Chembe haitoshi hata salamu," akasema Binti Yakuti. Akaurudia ule mkate wa sinia la tatu, akautoa, akaweka mwingine mzima, na akaukata mafungu kumi na mbili, kama kandili. Akatenga fungu moja. Kisha akalikata hilo moja katikati. "Hiki, baba. Nusu."

Baraza zima likapiga kelele, na Sultani akaruka. "Nusu! Mwanangu, si umetoka kunifundisha sasa hivi!"

"Nusu ya nini, baba? Angalia ninachokishika."

Sultani akaangalia kile kipande, chembamba kama ulimi wa ndege. Nusu ya mwezi mmoja. Akacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha sokoni.

"Basi taja," akasema Waziri Makame. "Sema, nusu ya fungu…"

"Usianze hapo!" akasema Binti Yakuti. "Pumzi ikikukatika baada ya nusu, baba, pete itakamata nusu ya mwaka. Taja kwanza kizima, kisha fungu, kisha kipande."

Sultani akavuta pumzi mpaka vifungo vya joho vikalia, na akasema kwa mfululizo mmoja, "Katika mwaka mzima wa binti yangu, uliogawanywa mafungu kumi na mbili yaliyo sawa, katika fungu moja, nusu yake!" na uso ukawa rangi ya bilingani, na ndipo akavuta pumzi nyingine.

Pete ikalia kengele. Tarkushi akabusu mkono wa Sultani, na akaomba apewe na ule uzi.

Juma hilohilo Binti Yakuti akaolewa na Hilali, na pilau ikapakuliwa, na jini akaleta zawadi ya komamanga moja la dhahabu lenye punje za yakuti, na kwa mara ya kwanza maishani alilipasua yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, vipande vilivyolingana, na akawagawia watu wa Andaruni, na tangu siku hiyo mji huo haukujua ufukara. Na kila mwaka nusu ya mwezi Binti Yakuti alikwenda nyuma ya Mlima Kafu, kwanza peke yake, kisha na mumewe, kisha na watoto, na jini alikuwa akiwangoja mlangoni na maswali yake.

Na hekaya hii, wajukuu zangu, inasema hivi: mtu akikutajia kipande, usifurahi wala usilie kwanza. Muulize kimekatwa katika kitu gani, na mafungu mangapi, na kama yalilingana.

Sultani Zahrani alipofariki, kiti chake alikirithi Binti Yakuti. Joho la hukumu alirithi Hilali, akawa kadhi baada ya baba yake. Pete ya shaba alirithi mtoto wao wa kwanza, na mabustani ya mikomamanga yalirithiwa na watoto wote watatu, thuluthi kwa kila mmoja, na hapakuwa na aliyelalamika, kwa sababu walipima kwa kamba kabla ya kukata. Waziri Makame alirithi kokwa kumi na mbili za tende, akazitembeza mfukoni mpaka mwisho wake. Uzi alibaki nao Tarkushi. Na yale masinia mawili yalipita mkono kwa mkono, mama kwa binti, mpaka moja likapotea, na lile lililobaki ndilo hilo lenye mkate hapo mezani. Haya, mpo sita. Nani anakata?